Aina Tatu za Samaki

Kamba ilikuwa na mafundo arobaini na moja. Mzamiaji hakujua kuandika. Kila aina ya samaki aliyemwona kwenye mwamba wa matumbawe aliipigia fundo lake. Sasa alikuwa ameitandaza kamba hiyo juu ya meza ya afisa.

"Hapa pono. Huyu chewa. Hapa kangaja, tasi, kikande..."

"Mzee, kunja kamba yako, unanilowanishia mafaili." Afisa akasukuma karatasi. "Hapa pameandikwa aina tatu. Mwamba umekufa. Weka dole gumba kama mzamiaji shahidi, tumalize."

"Umekufa lini, bwana mkubwa? Nimetoka huko sasa hivi."

Karani aliyeketi pembeni akaguna kicheko, akakimeza. Alikuwa mdogo wake marehemu mke wa mzamiaji, na kazi hiyo aliipata juzi tu.

"Meli ya kuchimba njia ya bandari hairuhusiwi kupita kwenye mwamba hai," afisa alisema polepole, kama anayemtafunia mtoto chakula. "Sheria ni sheria."

"Kwa hiyo mnauua kwa kalamu kwanza."

Afisa akachukua simu yake mezani.

Miaka mitatu nyuma, afisa huyuhuyu alifika ufukweni na kipaza sauti. Uacheni mwamba upumzike, samaki wazaane. Wavuvi wakanung'unika, lakini wakaanika nyavu, wakashinda na njaa. Na kweli samaki wakarudi. Wakati huo mke wa mzamiaji alikuwa kitandani, mifupa mitupu, akitamani supu ya samaki, hata kikombe. Mzamiaji akamwambia, vumilia mama watoto, mwezi wa sita watafungua. Mwezi wa sita hakuufikia.

"Mlituambia tungoje. Tumengoja. Mimi nimezika nikingoja."

"Pole. Usipoweka wewe ataweka mwingine." Afisa alikuwa akitazama simu. "Kibali chako cha kuvua kinakwisha lini vile?"

Mzamiaji akakunja ngumi, dole gumba kalificha ndani.

Karani akaja na pedi ya wino. Alisimama karibu, sauti chini.

"Shemeji, weka tu. Wakubwa wameshakula, sisi kazi yetu kuosha sahani. Wanao wako kwangu. Nikifukuzwa hapa, watakula mafundo?"

"Hata wewe? Dada yako angekuwepo..."

"Dada hayupo. Lete mkono."

Akaifungua ngumi ile kidole kimoja kimoja, na mzamiaji hakushindana naye. Akalibana dole kwenye wino, akaligandamiza chini ya yale maneno.

Likatoka doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Ngozi ilikuwa imejikunja kwa saa nne za maji.

Afisa akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasonya.

"Hii wataikataa. Chapa karatasi nyingine. Na wewe mzee, kaa, kidole kikauke. Mpe kiti."

Miaka yote aliyoingia ofisi ile, hakuwahi kupewa kiti. Akakaa. Karani akamgeuzia feni, akamshika mkono, akaanza kumpulizia dole gumba taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.