Nguzo ya Tatu

Nyumbani walimwita Takwimu, na jina lilimkaa. Ukimwambia mvua imezidi mwaka huu, atakuuliza imezidi kwa milimita ngapi. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi ya maji, na jedwali la kompyuta aliliamini kuliko alivyowaamini ndugu zake.

Basi baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyeishi peke yake, alipoanza kushikwa na kizunguzungu hadi kuanguka, Takwimu hakulia. Alimwagiza tu: kila akianguka, aizungushie tarehe duara kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya miezi minne mzee akamsomea tarehe zote kwenye simu, naye akaziingiza moja moja. Zilikuwa kumi na tisa.

Kwanza alizijumlisha kwa mwezi: tano, nne, tano, tano. Hazikumwambia kitu. Akaweka fomula ya kutoa siku ya wiki kwenye kila tarehe, kompyuta ikamrudishia namba, moja hadi saba, akachora chati. Nguzo ya tatu ikachomoza peke yake, mara kumi na nne. Chini yake akaandika Jumatatu. Nani asiyejua kuwa tatu ni Jumatatu?

Na Jumatatu ilikuwa zamu ya wifi yake, mke wa kaka, kumpikia mzee na kumfulia. Takwimu alipandwa na hasira, akapiga simu papo hapo.

"Wifi, wiki hii usiende kwa baba."

"Kwani nimekosa nini?"

"Chati inaonyesha siku zako ndizo anazoanguka."

"Haya," wifi akasema, akakata simu.

Jumanne Takwimu akaenda kwa baba yake kama kawaida, na chati ameichapisha kwa rangi. Alimkuta mzee amenyoa ndevu, amevaa shati la kola lililopigwa pasi likanyooka.

"Mke wa kaka yako mbona jana hakuja?"

"Nilimzuia mimi, baba." Akamtandazia chati mezani.

Mzee akavaa miwani, akaikagua karatasi kama anayetafuta mshono uliokwenda upande. "Jumatatu? Mbona kuna siku moja tu ya Jumatatu niliyoanguka? Hebu njoo uone."

Akamvuta mpaka kwenye kalenda. Maduara mengi yalishuka mwezi hadi mwezi chini ya neno moja, Jumanne. Takwimu alihesabu kwa kidole, akarudia, kisha masikio yakamwaka moto kwa aibu. Kompyuta ilianza wiki yake Jumapili, hivyo tatu yake ilikuwa Jumanne. Yeye alikuwa amehesabu kama wanavyohesabu watu wa nyumbani, na miezi yote hiyo chati iliyo sahihi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari.

"Sasa Jumanne kuna nini, baba?"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Jumanne unakuja wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuangusha?"

"Vile vidonge vya kizunguzungu nilivyopewa hospitali vinanilaza, mwanangu. Nikimeza asubuhi, saa nne nakoroma. Na wewe una saa mbili tu, unarudi kazini. Siku yako huwa simezi, naanguka ukishaondoka."

Takwimu, ambaye hakulia baba yake alipoanguka mara ya kwanza wala ya kumi, alilia sasa. Alilia kwa uchungu na kwa kupendwa, vyote kwa pamoja, na mzee akampa kipande cha kitambaa cha suruali kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa karibu.

Alipotulia akampigia wifi. "Wifi yangu, nisamehe. Ilikuwa Jumanne, nikaiita Jumatatu. Kosa ni langu lote."

"Wewe Takwimu umekosea hesabu? Ngoja nimwite kaka yako, urudie."

Akarudia, mara mbili, kaka akicheka nyuma.

"Jumatatu nitakwenda," wifi akasema. "Na hiyo chati niletee, nitawashia jiko."

Takwimu akaleta glasi ya maji na kidonge.

"Nikilala je?" mzee akauliza.

"Lala tu. Mimi nipo."

Haikupita nusu saa akawa anakoroma kwenye kiti, kola ikiwa bado imesimama. Takwimu akasogeza kiti chake, akamshika mkono, akakaa saa zake mbili zote akimsikiliza.