Mapigo ya Dundani

Nchi ya Dundani ililala kati ya milima miwili kama kitu kilichofichwa kifuani, na ndani yake hapakuwa na saa wala kengele. Palikuwa na nguzo. Zilisimama sokoni, mashambani, hata makaburini, na juu ya kila moja palifungwa kipaza sauti kilichotoa mlio mmoja usiokoma, du-dum, du-dum: mapigo ya moyo wa Mtukufu Shibe, yaliyochukuliwa kifuani mwake kwa nyaya na kusambazwa nchi nzima. Kwa mapigo hayo wakulima waliinua na kushusha majembe, wanawake walitwanga, watoto wachanga walipata usingizi. Nafaka waliyoivuna iliishia kwenye mapipa ya ikulu, ikageuka pombe nyeupe, kali, ambayo Mtukufu na mawaziri wake waliianza mapema kama wengine wanavyoanza uji.

Aliyebandika nyaya hizo kila asubuhi alikuwa Siwema, mjane wa makamo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameusikiliza moyo ule kuliko alivyomsikiliza bintiye Mashavu, aliyefanya kazi kwenye kinu kikubwa cha serikali.

Asubuhi iliyofuata siku tisa za sherehe za utawala, siku ambazo Mtukufu hakuiweka chini bilauri, Siwema aliwasha mashine yake ya kuchora mapigo akaona kalamu inatetemeka. Vilima alivyozoea kuviona karatasini vilikuwa vimesambaratika, mistari imelala ovyo kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nje nguzo zikatoa du. Kisha dum-dum-dum. Kisha kimya kirefu. Majembe yalibaki hewani. Watoto wachanga waliamka wote kwa pamoja, na hakuna aliyelia. Walikodoa macho juu tu, wakingoja.

"Kuna nini, Bi Siwema?" Mtukufu aliuliza, mkono kifuani.

"Chembe za moyo zina vilango vidogo, Mtukufu. Chumvi hupita humo kwa zamu, ikiingia na kutoka, na katika kupishana huko ndiko umeme huzaliwa. Chembe moja huipasha nyingine habari, zote zikajikaza pamoja. Pombe imevivuruga vilango. Vingine vinachelewa, vingine vinafunguka kabla ya zamu. Vyumba vya juu havipigi tena, vinatetemeka."

"Dawa yake?"

"Uache kunywa. Mara nyingi moyo ukipumzishwa hurudi sawa wenyewe."

Waziri Ndivyo, aliyekuwa akijimiminia, alicheka. "Mama, Mtukufu haumwi. Kama mapigo yamebadilika, basi hayo ndiyo mapigo."

Ikawa amri. Wananchi wakaambiwa wajifunze mapigo mapya, na juma lile Dundani yote ilipepesuka: watu ambao hawakuwahi kuonja hata tone walitembea wakiyumba, wakigongana, wakianza neno na kulimalizia mahali pasipo pake. Kinuni, mchi ulioshuka kabla ya wakati wake ulimponda Mashavu vidole viwili.

Hapo ndipo waziri alipomwita Siwema faraghani. "Una kanda za zamani? Za moyo ulipokuwa mzima?"

Alikuwa nazo. Alijua kwamba akizitoa, hakuna atakayemzuia tena Mtukufu kunywa. Akaikumbuka bandeji ya mwanawe. Akazitoa, zikaunganishwa na nguzo badala ya nyaya za kifuani.

Nguzo zikatulia. Majembe yakapanda na kushuka. Mapipa mapya yakafunguliwa.

Mwezi haukwisha. Adhuhuri moja Mtukufu aliingia ukumbini akiyashika mapazia, jasho likimchuruzika, midomo rangi ya majivu. "Ndivyo! Moyo wangu! Niitieni daktari!"

Walinzi hawakusogea. Waliinua nyuso kuitazama nguzo ya uani, wakasikiliza. Du-dum, du-dum.

"Unapiga vizuri kabisa, Mtukufu," waziri alisema.

"Ule si wangu!"

Mlinzi mmoja aliziba masikio. Kusema hivyo kulikuwa uhaini, na sheria hiyo Mtukufu aliitia sahihi mwenyewe.

Mtukufu alianguka magotini mbele ya Siwema, aliyekuwa kando ya mashine yake. "Waambie, mama yangu. Wewe unajua."

Siwema aliweka vidole shingoni mwa Mtukufu. Chini ya ngozi kitu kilipapatika kama nondo ndani ya kibiriti. "Anasema kweli," alisema kwa sauti. "Zimeni kanda. Mleteni daktari."

"Tukiizima," Ndivyo alijibu polepole, uso umemkauka, "nguzo zitanyamaza. Na nguzo zikinyamaza, Mtukufu atakuwa amekufa. Nani hapa atamuua?"

Siwema alibaki amemshika yule mzee, hadi walinzi wakamtoa yeye ukumbini, milango ikafungwa, Mtukufu akabaki ndani. Aliondoka Dundani na bintiye siku ileile, kwa miguu, na ikawachukua maili nyingi kujua watembee kwa mwendo gani.

Msiba haukutangazwa. Wapitao nchi hiyo husema nguzo zinadunda barabara, moyo wa mtu mwenye nguvu zake, usiochoka. Na kila asubuhi mtumishi mpya huingia chumbani mwa Mtukufu na nyaya, akatoka baada ya muda, akanawa mikono mara tatu, bila kusema alichokikuta kitini.