Uji Katika Kitabu cha Mwanzo

Kurasa mbili za Biblia yetu zilikuwa zimegandishwa kwa uji wa muhogo. Uji haukumwagika, ulipakwa pembe zote nne, kwa uangalifu wa fundi. Mimi, mwenye mzaha kwa kila kitu, nilikosa mzaha kwa hilo.

Wiki ile mwalimu alidai kadi za ubatizo kwa mtihani wa kuingia sekondari. Nyumbani nilikuwa Benyamini. Kadi ilisema Benoni.

"Padri alikuwa muzee," Papa alisema, macho dirishani. "Alikosea."

Padri akosee, halafu Biblia ndiyo igandishwe? Papa alipokwenda kazini nilizishikilia kurasa juu ya mvuke wa birika mpaka zikaachana. Raheli, akikata roho baada ya kujifungua, anamwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Baba mtu anakataa: Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Nikaanza kumpeleleza Maman Honorine, mama pekee niliyemjua. Hatukufanana pua. Miaka yote nilikuwa nailaumu pua yangu.

Nikaenda kwa Uwera, fundi cherehani wa jirani. Kwetu Kamembe, mtoto akitimiza siku nane, watoto wa mtaa hulishwa maharage, kisha kila mmoja hupendekeza jina huku mama amempakata mtoto. Uwera alikula maharage yangu.

"Miye nilikuita Kelele," alicheka. "Nilikosea?"

"Nani alikuwa amenipakata?"

Cherehani ikasimama.

"Papa yako," akasema, na hakucheka tena.

Alasiri Maman Honorine alirudi kutoka Bukavu na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani. Tulikaa uani tukiwachambua. Swali niliwaelekezea samaki, si yeye.

"Nani aliniita Benoni?"

Vidole vyake havikusimama. "Dada yangu. Alibakia na pumzi ya neno moja tu, akasema ile."

Tulichambua samaki wengi sana.

"Na uji, Maman? Papa alinificha hizo kurasa?"

"Uji ni mimi. Wewe hata kusoma ulikuwa hujui. Papa yako alikuwa anafungua pale kila asubuhi, kazi hataki, chakula hataki."

Nilikuwa na mzaha tayari, kuhusu uji ulioshindwa na birika moja. Niliumeza. Nikaingia jikoni, nikakwangua sufuria ya uji, na kabla Papa hajarudi nikapaka pembe zote nne.