Spika za Sponji na Honi

Runinga ilikuwa pana kama mlango wa kabati, na picha yake ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nywele za masharubu ya mtu. Lakini sauti, jamani! Ilitoka kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Mwenye runinga alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Mkewe alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa uani, na hakuna siku aliyotoka humo bila vipande vya sponji kumganda kwenye nywele. Ndiyo maana wifi yake alimbatiza jina la Sponji, jina likashika mpaka kwa wateja. Wifi mwenyewe, dada mdogo wa kinyozi, alikuwa mwalimu wa udereva mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, kwa hiyo Sponji naye akalipiza: akamwita Honi. Walipendana sana hao wawili. Ila kukaa chumba kimoja bila kushindana hawakuweza. Wakimenya viazi, wanashindana. Wakikunja nguo, wanashindana. Hata kupiga chafya, mmoja akipiga, mwenzake humwambia, "Hiyo nayo chafya?"

Kila Jumapili alasiri Honi alikuja kwa kaka yake kutazama filamu, na mama yao, aliyekuwa akiishi hapo, aliwekwa kwenye kochi la katikati. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuchoka.

"Kasema nini huyo?" alikuwa akiuliza.

"Kasema anaondoka, mama," kinyozi alikuwa akijibu.

"Anakwenda wapi?"

"Ndiyo anataka kusema sasa, mama. Tusikilize."

Filamu iliendelea kidogo. Kisha: "Haya, kasema nini?"

Jumapili moja waliongeza sauti mpaka mwisho ili mama asikie wapenzi wawili wanavyonong'onezana. Mara gari ndani ya filamu likalipuka. Runinga ikakoroma, chai ya mama ikaruka kutoka kikombeni ikatua kwenye mapaja ya kinyozi, na kinyozi akaruka juu kuliko lile gari.

"Basi!" akasema Sponji, huku akimfuta mumewe kwa kitambaa na kujikaza asicheke. "Mimi nitatengeneza spika. Spika za kweli, za sebule hii hii."

Honi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe, wifi? Utazishonea zipu?"

"Nitazishonea, na zitasikika kuliko wewe."

"Hilo haliwezekani. Na mimi natengeneza zangu. Tuone."

Kinyozi hakuwa mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite. Papo hapo akatangaza masharti kama mtangazaji wa uwanja wa mpira: kila mmoja atengeneze jozi yake, zijaribiwe nyuma ya shuka ili mtu asizione, na mama awe mwamuzi. Zitakazoshinda zitakaa pembeni mwa runinga. Zitakazoshindwa zitapelekwa uani, kuku watagie humo.

Sponji aliingia kazini kwa pupa. Alinunua koni kubwa za besi na vispika vidogo vya sauti nyembamba, akakata mbao, akaunda boksi kwa gundi na skrubu, akaunganisha nyaya, akawasha. Mwimbaji alisikika kama yuko ndani ya pipa. Akagonga ubavu wa boksi kwa kidole. Ukalia kama ngoma. Akafungua, akaweka mbao za kukaza ndani. Kisha, kwa kuwa hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo tele, akalijaza boksi sponji mpaka juu. Mwimbaji sasa alikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi na kukaliwa juu. Akaanza kuchomoa sponji, konzi moja moja, anasikiliza, anachomoa tena, kichwa upande, jicho moja limefumbwa, mpaka sauti ikaanza kuja mbele taratibu kama mtu anayejitokeza mlangoni.

Akatengeneza la pili. Alipoyawasha yote mawili pamoja, besi ikatoweka! Kila moja peke yake lilinguruma vizuri, lakini yakiwa pamoja yalikuwa membamba kama karatasi, na sauti haikujulikana inatokea wapi. Alihangaika nayo siku nzima, akafungua kila kitu, akalaumu gundi, akalaumu mbao, akamlaumu hata mumewe aliyekuwa anapita zake. Kumbe waya wa chanya na wa hasi zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye boksi moja. Koni moja ikisukuma, nyingine inavuta, zinakulana zenyewe kwa zenyewe. Alipogeuza zile nyaya, besi ilimjia tumboni kama mtu aliyemkumbatia ghafla. Sponji akatupa bisibisi, akacheza karakana nzima. Mteja aliyekuwa amekuja kuulizia kochi lake akakalishwa juu ya kochi hilo hilo, bado halina mgongo, akalazimishwa kusikiliza wimbo mzima.

"Unasikia? Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kuimba?"

"Nasikia," alisema mteja. "Kochi je?"

"Kochi litasubiri! Sikiliza hapa!"

Kwa upande wa Honi habari zilikuja kwa vipande tu. Kwamba amenunua mbao nzito za mlango. Kwamba amejiunguza vidole kwa chuma cha kulehemu, na safari hiyo hata majirani zake walijua. Kwamba maboksi yake ni makubwa mno, ikabidi yatolewe kupitia dirishani.

Siku ya mashindano alifika na gari la kufundishia, lile lenye kibao juu. Mwanafunzi wake, mama mmoja mnene mwenye jasho la woga, ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwenye kiti cha nyuma yalikaa maboksi mawili mekundu, marefu kufika kiunoni, yamefungwa mikanda kama abiria.

"Polepole, polepole, hapo hapo, zima!" Honi alipiga kelele. "Umefaulu! Hujagonga kitu na mzigo wangu mzima!"

Sponji alizunguka yale maboksi mekundu akipiga mluzi. "Wifi, haya ni spika au makabati ya nguo?"

"Ogopa tu. Ogopa mapema."

Kinyozi alitundika shuka la maua katikati ya sebule, akajificha nyuma yake na spika zote pamoja na amplifaya aliyoileta kutoka saluni kwake. Mama aliketi mbele ya shuka. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani, cha kutokea, maana uamuzi si jambo la mzaha. Sponji na Honi walikaa kila mmoja upande wake, wakitazamana kama paka.

"Mabibi na mabibi!" kinyozi alitangaza kutoka mafichoni. "Jozi ya kwanza!"

Kwanza ulipigwa wimbo wa taratibu, kisha kipande cha filamu ambapo mzee mmoja alikuwa akimuaga mwanawe. Sponji alizitambua spika zake tangu neno la kwanza, kama mtu anavyotambua kikohozi cha mtoto wake. Mama akainamisha kichwa. Kisha uso wake ukafunguka.

"Huyu namsikia," alisema kwa mshangao. "Namsikia hata anavyomeza mate."

Sponji alibana midomo.

"Jozi ya pili!"

Wimbo ule ule ukaanza, lakini kwa sauti nyembamba, isiyo na chini, inayoelea hewani kama moshi. Ngoma zilisikika kama vifuniko vya sufuria. Mzee akamuaga mwanawe, na mama akakunja uso, akageuza sikio moja, akageuza la pili, mwisho akatikisa kichwa.

Honi, aliyekuwa akizungumza hata usingizini, sasa alitazama mikono yake tu. Vidole vilikuwa na mabaka ya kuungua, na rangi nyekundu ilikuwa imeganda chini ya kucha.

Sponji alijua. Ugonjwa huo ulimla siku nzima karakanani, asingeweza kukosea. Na alijua pia kwamba akinyamaza tu, akikaa na kutabasamu, ameshinda. Kuku watapata nyumba nyekundu yenye orofa, na yeye atalisema jambo hilo kila Jumapili mpaka uzeeni. Utamu wa wazo hilo ulimjaa mdomoni. Akaumung'unya kidogo. Akamtazama tena wifi yake.

"Aa, mimi siwezi bwana!" akasema kwa nguvu, akasimama. "Subirini kwanza."

Akaingia nyuma ya shuka.

"Unafanya nini huko?" Honi aliruka. "Kaka! Ananiharibia spika zangu!"

"Nyamaza wewe, nakutibu," Sponji alijibu kutoka ndani. "Umeunganisha boksi moja kinyume. Yanapigana haya. Kinyozi, nimulikie hapa. Haya, geuza huo waya uje huku, na huu uende kule. Basi. Weka ile filamu ya mvua."

Kinyozi akaweka.

Kwanza yalisikika matone machache, moja hapa, moja pale. Kisha ngurumo ikatambaa kutoka mbali, ikaja, ikaja, ikapasuka katikati ya sebule. Vioo vya madirisha vikatetema. Mvua ikamwagika. Na mama, aliyekuwa ametulia kwenye kochi lake, akainuka kama amechomwa sindano, akapiga kelele "Nguo zangu!" na kukimbilia nje.

Walimkuta uani, ameshajaza kifua chake mashuka na magauni, kibanio cha nguo kinaning'inia kwenye kitambaa kipya. Jua lilikuwa kali la kukausha hata mawe. Mama alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata kidoa cha wingu. Akawatazama wanawe, akatazama nguo mikononi, akarudi kutazama anga.

"Hizo spika," alisema polepole, "zina adabu kweli?"

Kinyozi alikaa chini palepale mchangani. Sponji na Honi walishikana mabega, wakacheka mpaka machozi, wakacheka mpaka sauti zikakatika na kubaki kutikisika tu. Mama alijaribu kukasirika, ikamshinda; akawatupia shuka kichwani, naye akaanza.

Waliporudi ndani, jaribio likafanywa upya kwa haki. Sasa Honi alikuwa amerudiwa na sauti yake yote.

"Ushindi wangu! Nani mwingine amemtoa mama mbio?"

"Mbio si kigezo!" alisema Sponji. "Rudisha yule mzee anayeaga. Kwako anaongea kama ana pamba mdomoni."

"Kwako ngurumo ni kama mtu anavuta kiti!"

"Mama! Amua!"

Mama alijiweka sawa kwenye kochi. Akafikiri, akifurahia jinsi wanavyomsubiri.

"Hizi za mkwe wangu zinasema maneno nikayaelewa," alisema. "Zikae mbele, pale anapoongea mtu. Hizi za binti yangu ni za mvua na vita. Ziwekeni nyuma yangu. Mvua ininyeshee mgongoni."

"Mama, hiyo ni sare!" kinyozi alilalamika. "Na kuku je?"

"Kuku watajua wenyewe."

Kinyozi akapiga makofi. Amplifaya yake ilikuwa na matundu ya spika nne, na miaka yote hiyo ametumia mawili tu. Shuka likashushwa, makochi yakasukumwa, nyaya zikapitishwa chini ya zulia. Sponji akainua maboksi yake juu ya viti vidogo ili yalingane na masikio. Honi akasukuma minara yake nyekundu hadi ukutani, akirudi nyuma, akienda mbele, akijielekeza mwenyewe kwa sauti, "Kata kushoto, kushoto, nyoosha!"

Waliweka filamu mpya, ya mwanamke anayesafiri kwa treni kumtafuta dada yake. Hakuna aliyeuliza chochote. Stesheni ilikuwa sebuleni: muuza magazeti upande huu, mtoto analia upande ule, nyayo zinapita nyuma ya kochi. Mama alikuwa akijibizana na wale watu. "Usimwamini huyo," alimwambia mwanamke wa treni. "Anakudanganya, mwanangu."

Katikati ya filamu mlango ukagongwa.

Wote waliganda. Kinyozi akakamata rimoti, akazima sauti, akaenda kufungua akiwa ameshaandaa maneno ya kuomba radhi kwa kelele. Alikuwa jirani wa ukuta wa pili, mpima ardhi, mtu mkimya wa salamu fupi. Alisimama mlangoni na kandambili zake, ameshika bakuli la karanga.

"Samahani jirani," alisema kwa haya. "Yule mwanamke, treni aliipata? Tulikuwa tunafuatilia vizuri tu kule kwetu, mke wangu kaniita mara moja, nikakosa hapo."

Nyumba ililipuka kwa kicheko.

"Aliipata! Ingia! Mwite na shemeji!" Honi alipaza sauti, na hakukuwa na haja ya mtu kwenda kumwita, maana mke wa jirani alisikia huko huko aliko, akaja na kigoda chake.

Nafasi ikatafutwa. Sponji, fundi wa makochi yote yale, akajikuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea boksi jekundu la wifi yake. Sauti ikarudishwa. Kwenye skrini reli ilikuwa tupu. Lakini nyuma yao, mbali, kitu kizito kilianza kuja, na boksi likaanza kumkuna Sponji mgongoni. Kikakua. Kikapita juu ya vichwa vyao kwa kishindo, kutoka ukuta wa nyuma hadi mbele, na vichwa vyote vikageuka kwa pamoja kukifuata. Sponji peke yake hakuitazama runinga. Alikuwa akiwatazama wao, mkono mdomoni, kicheko kikimtoka kati ya vidole: kwa kuwa mpima ardhi, bila kujijua, alikuwa ameinua miguu yote miwili, pamoja na kandambili zake, ili treni ipite.