Upande wa Nyuma wa Bango

Anayetaka kumcheka Habonimana na acheke. Mwaka ule wa tisini na tatu wenzake walikimbia Burundi na magodoro, mbuzi na masufuria. Yeye alikimbia na binti yake Léoncie mkono mmoja, na furushi la mabango ya sinema kwapani.

Alikuwa mpiga chapa Bujumbura tangu ujana wake. Kila filamu iliyofika mjini, bango lake lilipita mikononi mwake: njano kwanza, ikikauka nyekundu juu yake, kisha buluu, nyeusi mwisho, na kila rangi na ubao wake. Mabango hayo yalibandikwa ukutani, wiki ya pili yakabandikwa mengine juu yake, ikawa basi. Yeye alikuwa akificha moja moja. Miaka ishirini na mitano alificha, na nyumbani walishamchoka kwa makaratasi yake.

Ufukweni Kagunga, upande wa Tanzania, watu walikuwa wakisukumana kushuka mitumbwini, furushi likamponyoka. Akalidaka kwa mikono miwili.

Mikono miwili, jamani! Alipogeuka, Léoncie hayupo. Aliita mpaka sauti ikamkauka, ingawa alijua haitaitikiwa, maana tangu mama yake auawe mbele ya macho yake mtoto yule hakuwa ametoa neno. Mtu mmoja akamwambia kuna watoto waliopakiwa mtumbwi wa Kigoma. Akafuata.

Kigoma alipokewa na Anatoli wa Rusimbi, mtu aliyewahi kubandika mabango ya jumba la sinema Ujiji, na ambaye naye alikuwa na machache aliyoyabandua kwa maji ya moto.

"Picha ya mtoto unayo?" Anatoli aliuliza.

"Sina."

"Na hasemi. Sasa ndugu yangu, watu watamjua kwa lipi?"

"Ana kovu. Mawese ya moto yalimrukia shavuni, la kushoto."

Habonimana akalitazama furushi lake, na kwa mara ya kwanza maishani akalichukia. Akaomba kisu na ubao. Herufi alizichonga kinyumenyume, ili zikichapwa zisomeke sawa, bila hata kufikiri, kama alivyofanya siku zote: LÉONCIE, MIAKA SITA, HASEMI. Uso hakuwahi kuuchonga. Kiwandani nyuso zilikuwa kazi ya mwingine. Alifumba macho, akamwona binti yake amesimama mbele yake, akamchonga vile vile alivyomwona, na kovu lake. Wino akaukoroga kwa masizi ya sufuria na mawese. Karatasi? Karatasi alikuwa nazo. Akashika bango la kwanza, akalikata vipande vinne.

Anatoli alishika kichwa. "Bwana we! Hata moja usibakize? Haya hayachapwi tena!"

"Niliyadaka haya nikamwachia yeye," alisema Habonimana, akaendelea kukata. Machozi yalimtoka waziwazi wala hakuyafuta.

Alichapa upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akisugua kwa mgongo wa kijiko, mpaka furushi likaisha. Wakapika gundi ya unga wa muhogo, wakabandika kuanzia Rusimbi hadi Ujiji, na Katonga kwenye vibanda vya samaki. Siku nne zikapita. Habonimana hakula cha maana. Kila mtoto aliyepita alimkimbilia, na watu wakaanza kumwogopa.

Siku ya tano alifika Katonga kwa Rozalia, mama muuza dagaa, ambaye bango lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya kibanda chake.

"Mwakeye, mama," alimsalimu. "Huyu mtoto hujamwona?"

"Mwakeye, baba. Huyu hapana." Rozalia alisita. "Alikuwepo mwingine, bubu hivi hivi, kafanana naye mpaka nikashtuka. Siku tatu kalala kwangu. Nikamleta hapa nguzoni, nikamlinganisha. Wako kovu liko kulia. Yule lake lilikuwa huku." Akagusa shavu lake la kushoto. "Nikasema huyu si mtoto wa watu hawa. Jana wanawake wa kwao waliokuwa wakirudi Burundi wamemchukua, wakamtafutie ndugu."

Habonimana alijua papo hapo. Fundi wa miaka ishirini na mitano, herufi kazigeuza zote, uso wa mwanawe kasahau kuugeuza.

Alilibandua bango lile, akaligeuza, akaliinua juani. Upande huo ulikuwa na kipande cha mwigizaji wa kike, kidevu na mkufu, na rangi zake bado kali. Katikati ya njano na nyekundu masizi yalipenya, jina likasomeka kinyume, na Léoncie akatokea na kovu lake kwenye shavu la kushoto.

Rozalia alijishika mdomo.

"Yesu wangu," alisema. "Ndiye huyo."