Tawi Nyuma ya Baiskeli

Vidonge vya mama vilikuwa vimebaki vichache sana nilipoanza kumfundisha mdogo wangu Febronia kuendesha baiskeli. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaendesha hata siku moja. Nilipanda tu nyuma, kwenye keria, nikiwa nimebebwa na kaka.

Kaka yetu Felician ndiye aliyekuwa akienda zahanati ya misheni kila mwezi. Alirudi na vidonge, mama akameza, akaishi kama watu wengine, akalima na kupika. Halafu wakapita vijana waliosema dhahabu imeonekana upande wa Nyarugusu, na Felician akaondoka nao na sururu begani.

"Nitarudi kabla dawa haijaisha," alisema. Baiskeli akaiacha imeegemea ghala. Tulipanda karanga, tukapalilia, tukavuna, na yeye hakurudi.

Ningeenda mwenyewe kwa miguu. Lakini ni mwendo wa kutwa nzima, na nani angekaa na mama? Majirani walitusalimia vizuri, tuliazimana chumvi na moto. Ila mama akianguka, kila mtu alirudi nyuma. Waliamini ukimshika mwenye kifafa povu likimtoka, ugonjwa unahamia kwako. Siku moja alianguka kisimani, wanawake wakatupa ndoo wakakimbia, akabaki uso umezama kwenye tope mpaka nilipofika. Mimi ni mtu wa haya, hata shule niliiacha darasa la nne bila kumwambia mtu kwa nini. Lakini nilijikaza nikamwomba mwanamume mmoja mwenye baiskeli atuletee dawa. Akasema hata dawa ya ugonjwa ule hawezi kuiweka mfukoni mwake.

Basi wa kukaa na mama nilikuwa mimi, kwa sababu Febronia hakuwa na nguvu za kumgeuza. Wa kwenda alikuwa Febronia. Na kwa miguu asingeenda na kurudi kabla ya giza, mtoto wa umri ule.

Baiskeli ilikuwa Phoenix ya kiume, ndefu. Raba za breki zilikwisha zamani, na miaka ile duka la kijiji lilikosa hata sabuni, sembuse raba. Felician aliisimamisha kama wanaume wote wa kwetu: alikandamiza katambuga yake, kiatu cha mpira wa gari, juu ya tairi la mbele mpaka ikanuka kuungua. Febronia hakufika kwenye tandiko. Alipitisha mguu chini ya bomba la fremu, kama watoto wote, mwili umepinda upande, na miguu yote miwili ikawa na kazi ya pedeli. Hakubaki na mguu wa kukandamiza tairi.

Wavulana wa kijijini hufundishwa kwa kusukumwa mteremkoni. Wanasukumwa, wanapiga kelele, wanaishia kwenye mihogo, kesho wanaendesha. Lakini mteremko wa kwetu ulimwaga kila kitu barabarani, na msimu ule malori ya pamba yalikuwa yakipita yakielekea kwenye kiwanda cha kuchambulia bila kupunguza mwendo.

Kwa hiyo mimi nilianza na kuanguka.

"Ukishindwa, usiangalie mbele," nilimwambia. "Angalia kushoto, kwenye mchanga, ulale nayo."

"Nitaumia, dada."

"Utaumia kidogo."

Nilifunga kamba ya ng'ombe kwenye keria, nikawa nakimbia nyuma yake uwanjani na kuvuta akizidi mwendo. Baba Nkwabi, jirani yetu, alipita akiswaga ng'ombe wake wawili wanaoburuta matawi ya miiba kwa ajili ya zizi. Akasimama kutuangalia.

"Lukresia! Hiyo ng'ombe yako inakamuliwa saa ngapi?"

Nilijifunika uso kwa kanga. Febronia akamjibu kwa niaba yangu:

"Shikamoo baba Nkwabi. Ina mimba, usiitishe!"

Mzee akacheka mpaka akashika mgongo. Febronia naye alicheka, akayumba, akaangalia kushoto, akalala mchangani kama nilivyomwambia. Siku ile nilifikiri tutaweza.

Vidonge vikaisha. Siku mbili za kwanza mama alikaa vizuri, macho mazito tu. Asubuhi ya tatu nilimweka chini ya upenu, mbali na jiko, nikampa karanga za kumenya.

"Usiinuke, mama. Mimi nashuka naye mara moja hapo mteremkoni, halafu aende."

"Nendeni," alisema.

Tulianza kushuka. Nilikuwa nimejifunga kamba mkononi, visigino vinachimba ardhi, na Febronia mbele yangu akisema, "Dada usiachie, dada usiachie."

"Siachii."

Katikati ya mteremko nikasikia sufuria ikianguka nyumbani. Halafu sauti ile ya mama, ambayo si kilio wala si neno. Alikuwa ameinuka kutuinjikia uji.

Nilisimama ghafla. Kamba ikakaza, ikanikata kiganja, ikakatika.

Niliona baiskeli inaenda. Niliona na moshi. Baiskeli nisingeikamata hata ningekuwa na mbawa. Mimi, ambaye sauti yangu haikuwahi kufika uani kwa jirani, nilipiga kelele hadi koo likauma:

"Febronia! Kushoto! Anguka!"

Nikageuka, nikapanda mbio.

Mama alikuwa amelalia jiko kwa mkono. Nilimvuta, nikazima kanga yake kwa viganja, nikamlaza ubavu na kushika kichwa chake kisipige mafiga. Mwili ulikuwa unamruka. Ndipo honi ya lori ikalia kule chini, ndefu, haikatiki. Ikakatika.

Sikuweza kuinuka. Ningemwachia kichwa, angejipasua. Nililia nikiwa nimemshika, nikaita jina la Febronia, nikamwita Bikira Maria, nikarudi kuita Febronia. Hakuna aliyejibu. Kuku walikuwa wanakula karanga zilizomwagika.

Mama alitulia, akaanza kukoroma, na mimi bado nilikuwa siwezi kwenda. Hapo nikamsikia baba Nkwabi nje ya ua.

"Lukresia! Mtoto yuko hai!"

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Kaanguka penye kichuguu. Lori limepita mbele yake, dereva katoa kichwa kutukana mpaka kapotea!"

Febronia aliingia akiikokota baiskeli. Kiwiko chake kilichunika chote, na gauni lilikuwa limechanika. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi.

"Niliangalia kushoto," alisema, ndipo akalia.

Mama alifumbua macho. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imevimba malengelenge toka kiganjani.

"Nimeanguka tena?"

"Ndiyo, mama."

Akamwona Febronia na damu yake. Akaelewa.

"Lukre, mtoto asiende tena na lile lidude. Niacheni."

Bila dawa angeanguka tena kesho, labda jioni ileile, na safari nyingine ningekuwa kisimani. Lakini kamba ilikuwa imekatika, na hata ingekuwa nzima, nani angeishika? Mimi nilipaswa kubaki na kichwa cha mama.

Nje, ng'ombe wa baba Nkwabi walikuwa wamesimama na mzigo wao wa matawi, wanahema. Kwenye mteremko uleule wao walihitaji kuchapwa ili waende. Nililiangalia lile rundo lililowang'ang'ania. Halafu nikatoka nikasimama mbele ya mzee, uso wazi.

"Baba Nkwabi, naomba unikatie tawi. Lisilo na miiba. Kubwa."

"La nini?"

"La kufunga nyuma ya baiskeli. Liivute."

"Mayu, mwanangu, baiskeli si ng'ombe."

"Basi ingia ndani umshike mama, niende mimi."

Alitazama mlango, akatazama miguu yake. Alichukua panga akaenda kwenye mkwaju wake, akarudi na tawi zito lenye majani tele. Alilifunga mwenyewe kwenye keria, kwa kamba fupi, mbali kidogo na tairi.

"Ukifika kwenye kichuguu, shuka," nilimwambia Febronia. "Fungua tawi, liache hapo. Vuka kwa miguu. Lori likisikika, kaa chini mpaka lipite, hata kama liko mbali."

"Na wewe huji nyuma?"

"Tawi ndilo linakuja nyuma."

Alipitisha mguu chini ya bomba. Nilimshikia tandiko mpaka mwanzo wa mteremko, kisha nikarudi kwa mama, kwa sababu alikuwa ameanza kutetemeka vidole.

Sikumwona akishuka. Nilisikia tu tawi linavyofagia njia, shaaa, taratibu, bila kuongezeka. Wachunga ng'ombe kule chini wakaanza kupiga kelele: "Fagieni njia, askofu anakuja!" Halafu likanyamaza. Nilihesabu pumzi za mama nikisubiri honi. Lori likapita, likaenda zake. Kisha kengele ya baiskeli ikalia ng'ambo ya barabara.

Mama alianguka mara nyingine mchana ule. Nilikuwapo.

Jua lilipokuwa linashuka, Febronia aliingia uani akiikokota baiskeli, midomo imekauka, tawi limefungwa kwenye keria. Alifungua pindo la gauni alilokuwa amelifunga fundo. Vidonge vilikuwa vichache, vinajaa kiganja cha mtoto tu.

"Sista kasema hata wao dawa imewapungukia," alisema. "Kanipa za wiki. Nirudi Jumatatu."

Nilimpa mama kimoja na maji. Febronia alikaa chini, akaegemea ukuta, na macho yakawa yanafumba. Halafu akaamka kama aliyekumbuka kitu.

"Dada, tawi tuliweke ndani. Mbuzi watakula majani."