Gari la Wakili Wabuge Linauzwa

Mzee Gichuru hakuwa mtu wa kudanganywa, na alipenda watu wajue. Katika duka lake la chakula cha ng'ombe pale Cheptiret alikuwa na mizani mbili, moja ya kuwapimia wateja na ya pili ya kuichunguza ile ya kwanza. Akinunua mkate, anauminya. Akisalimiwa, anajiuliza huyu naye anataka nini. Sasa mtu wa aina hiyo mwambie gari zuri linauzwa kwa bei ya chini, uone kama atalala.

Na gari lenyewe Eldoret nzima ililijua. Alfa Romeo jekundu la miaka ya sitini, lenye paa la turubai la kukunja. Marehemu wakili Wabuge alikuwa akilifungua paa kila Jumapili baada ya kanisa, akapanda nalo barabara ya Kaptagat na mkewe Nanzala, wanacheka hao utadhani wameoana jana. Eddah, mkewe Gichuru, alikuwa akisimama kando ya barabara mpaka lipotee kwenye kona. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuomba kitu kingine. "Baba Muthoni, kabla sijafa, nipandishe gari kama lile." Alisema kwa mzaha. Kisha saratani ikamshika, na mzaha ukaisha. Sasa alikuwa amemaliza matibabu, amekonda, lakini yu hai, na Gichuru alikuwa ameapa mbele ya Mungu kwamba mke wake atalipanda. Alipoona tangazo kwenye simu, moyo ulimruka. Halafu, kama kawaida yake, akakunja uso.

"Mbona rahisi hivi?"

"Si ufurahi kwanza, uulize baadaye," Eddah akamwambia.

"Rahisi ni ghali, Mama Muthoni."

Jumamosi wakaenda mtaa wa Elgon View, yeye, Eddah na fundi wake Okeyo. Mama Nanzala aliwafungulia lango mwenyewe, mwanamke mrefu aliyevaa sweta nyeusi, akamshika Eddah mkono na kumkaribisha kama dada yake. Hata hilo Gichuru hakulipenda. Mtu hujui jina lake, unamshika mkono wa nini?

Okeyo alifungua boneti, akaingia chini, akawasha injini, akazima, akawasha tena. Gichuru alizunguka akigonga mabati kwa kidole na kutega sikio.

"Umepata nini?"

"Sijapata kitu, Mzee."

"Tafuta vizuri."

"Mzee, nimetafuta. Hii gari ni safi kuliko bibi harusi."

Hapo ndipo Gichuru alipoanza kuogopa kabisa. Kasoro ukiiona, unajua umepigwa wapi. Akamuuliza mama kwa nini hakuwauzia matajiri wa Nairobi, maana lazima walipiga simu.

"Walipiga," Mama Nanzala akasema. "Sikuwataka. Ingieni kwanza mkunywe chai, tutaongea."

Mama alipoingia jikoni, Okeyo alijifuta mikono na kushusha sauti. "Mzee, shida haiko kwa gari. Iko kwa nyumba. Wakili alikula chakula cha jioni hapa, asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Lakini ndugu zake waliuliza mbele ya kaburi, chakula cha mwisho alipewa na nani? Tangu matanga hakuna mtu hukunywa chai hapa."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu wa magari tu." Akarudi kwenye boneti haraka.

Lisemwalo lipo, Gichuru akajiambia, na kama halipo laja. Akaketi barazani kando ya Eddah, mgongo wima.

Birika lilikuja likitoa mvuke wa tangawizi. Mama Nanzala akamimina vikombe vitatu. Kisha, jinsi alivyofundishwa na mama yake huko Bungoma, akaonja cha kwake mbele yao, akameza, akakiweka chini. Kwao mwenye kukaribisha huonja kwanza ili mgeni atulie. Ni heshima. Lakini kwa akina Gichuru, Kinangop, unamiminiwa, unaambiwa kunywa, basi. Ala! Nani amemshtaki, hata ajitetee? Gichuru aliona ushahidi umejileta wenyewe mezani.

Eddah akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Gichuru akakifunika kwa kiganja chake.

"Daktari amemkataza majani ya chai," akasema.

Eddah akamgeukia. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekunywa vikombe viwili, na aliyemmiminia ni yeye Gichuru.

"Na wewe, Mzee?" Mama Nanzala akauliza.

"Mimi nimefunga. Maombi ya kanisa."

Mama Nanzala hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alirudisha kifuniko cha birika polepole. "Mnunuzi wa kwanza alikuja na tumbo la kuuma. Mwingine alikuwa na haraka. Wewe umefunga," akasema. "Bei niliiweka chini nikamwambia Mungu, niletee mtu mmoja tu atakayekunywa chai yangu, nimpatie gari ya Wabuge kwa roho safi. Na vile nimeona umekuja na mama, nikasema ni hawa." Akainuka. "Siuzi."

Gichuru akahisi moto masikioni. "Mama, ngoja. Lete hiyo chai, naikunywa sasa hivi."

"Sasa unataka gari, Mzee. Chai hutaki."

Eddah aliuondoa mkono wa mumewe juu ya kikombe kama mtu anayeondoa paka. Akakishika, akanywa chote bila kupumzika, akajifuta midomo.

"Baba Muthoni, mimi nimewekewa dawa za kuchoma mwili mzima, nikavumilia. Leo niogope tangawizi?" Kisha akamsogezea mwenye nyumba kikombe. "Mama, niongezee."

Mama Nanzala alimimina huku machozi yakimtoka, nusu ya chai ikaingia kwenye sahani. Eddah akanywa cha pili. Naye Gichuru, Mungu amsamehe, alikuwa akimtazama mkewe kooni, akingoja aanguke.

Hakuanguka. Wanawake wale wawili walishikana mikono wakashuka barazani, na Mama Nanzala akatoa funguo mfukoni mwa sweta.

"Si umesema huuzi?" Gichuru akaita.

"Siuzi. Nampeleka mama Kaptagat."

"Na mimi?"

"Viti ni viwili, Mzee."

Okeyo akakimbia kufungua lango. Paa lilikuwa limeshakunjwa. Eddah alivua kitambaa kichwani, akaziacha wazi zile nywele zake fupi zilizokuwa zikianza kuota tena, na gari likatoka. Hakugeuka nyuma. Gichuru alisikia kicheko chake juu ya mngurumo wa injini, kicheko ambacho alikuwa amekisahau.

Alibaki barazani na kikombe chake, chai imepoa na utando juu. Alijua amekosa, tena vibaya. Angalau hiki, akajiambia, atakinywa mpaka tone la mwisho. Akakishika kwa mikono miwili, akakileta mdomoni.

Akanusa kwanza.